Tarumbeta la Kuzuia Kukoroma

Jumatatu, 19 Mei 2025
Nimehamwa! Narudi kukata majani ya ng'ombe, namkuta mke wangu Elisifa amejitwika godoro, anahamia stoo, kando ya magunia ya mahindi. Nikamuuliza kosa langu. "Baba Godbless," akasema, "unakoroma mpaka mabati yanaitikia. Panya wa stoo wana adabu kuliko wewe." Kushindwa na panya! Ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe!

Jumanne, 20 Mei
Nimeshuka zahanati. Daktari kasema nipunguze tumbo, niache mbege, pombe yetu ya ndizi, jioni, nisilale chali. Maneno ya kila siku. Nikiwa mlangoni akaongeza kwamba wapo wanaopuliza ala za muziki wakapata nafuu kidogo, misuli ya koo inakazwa. Sasa huyo ndiye daktari! Jioni nimekunywa mbege kujipongeza.

Jumatano, 21 Mei
Nimempigia shikamoo Mzee Elirehema, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Nikamwambia moyo umenisukuma kumtumikia Mungu. Habari za kukoroma sikuzigusa. Akaniombea palepale, akanipa tarumbeta la besi, zito kama ndama.

Nimelipulizia uani. Sauti imetoka! Ng'ombe naye ametoka, na mlango wa banda. Maziwa hakuna. Elisifa kaniambia nikapulizie mgombani, mbali, na wilaya nyingine ikipatikana ni bora zaidi.

Jumamosi, 24 Mei
Midomo imevimba kama vitumbua. Mbege inachoma, siiwezi. Machalari, ndizi na nyama ya moto, ndiyo kabisa. Nanywa uji tu, kwa kijiko. Juzi niliteleza kwenye mfereji nikaangukia mgongo, besi juu yangu, kwa hiyo nalala ubavu. Lakini moyo umetulia. Mzee Elirehema kasema leo alitambua wimbo niliokuwa nikiujaribu. Karibu autambue, alisema.

Jumapili, 1 Juni
Amerudi! Elisifa amerudi chumbani, godoro na yeye. Kasema alisimama mlangoni kusikiliza, kimya, akadhani nimekufa, akaingia kuniangalia. Nikamwambia, tarumbeta hilo!

"Tarumbeta gani?" akasema. "Mbege hunywi, tumbo limeshuka, unalala ubavu. Si ndivyo daktari alivyokuagiza?"

Maskini, hajui mambo ya misuli. Sikubishana. Tumekunywa chai pamoja barazani, mlima uko wazi mpaka kileleni, akanicheka midomo yangu. Siku nzuri sana.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste
Tumepiga kanisani! Mzee Elirehema kanisifu. Kasema nilipendeza hasa pale wimbo ulipotaka besi inyamaze. Mgongo umepona, midomo imepona, mchana nimekunywa mbege bila maumivu yoyote.

Ila nimegundua jambo. Elisifa anakoroma! Taratibu tu, kama birika linaloanza kuchemka. Miaka yote hiyo sikumsikia, labda kwa sababu sauti yangu ilikuwa juu zaidi. Kusema kweli sauti yenyewe inanibembeleza, nalala vizuri. Lakini mume mwema haachi mkewe ateseke wakati dawa anaijua.

Baada ya ibada nimemwandikisha kwenye bendi. Jumapili ijayo jina lake litatangazwa mbele ya usharika wote, naye atasimama apigiwe makofi. Bado sijamwambia.

Atafurahi mno.