Mashine Mbili Ndani ya Sanduku Moja

Jumatatu, 1 Machi 2004

Massoudi amefungua. Hapa hapa Buyenzi, barabara yetu hii hii, ng'ambo tu, usoni pangu! Sekretariati kama yangu: kuandika barua, kuchapa kadi, kupigia watu simu kwa intaneti. Ana kompyuta mbili. Kila moja ina kitambaa cha kufunikia alichokitarizi mke wake. Mimi nina kompyuta moja. Kitambaa sina. Mke pia sina.

Lakini akili ninayo. Nina programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Ya nje itachapa, ya ndani itapiga simu. Skrini mbili juu ya meza, kibodi mbili, na sanduku moja chini, limefichwa kwa kanga. Wateja watahesabu skrini.

Kasoro moja tu. Sauti ikipitia mashine ya nje inafika imechelewa, kama ya mtu aliyeingia kwenye pipa. Kwa hiyo kadi ya sauti nimeikabidhi mashine ya ndani moja kwa moja. Haipiti kwa mtu. Sidhani kuna mwingine Bujumbura nzima aliyefanya hivi! Nilitaka kumwambia mtu. Mwantum, mke wa mwenye nyumba, alikuwa uani anaanika nguo. Nikamweleza yote. Akasema ni vizuri sana, na kwamba nimekanyaga shuka lake.

Jumanne, 2 Machi

Siku ya jaribio. Nikatafuta mtu wa kumpigia. Dada yangu Nella yuko Kanada, lakini namba yake haiiti tangu mwaka juzi. Wa mtaa wetu wa zamani walitawanyika mwaka tisini na tano, vita vilipouhamisha mtaa mzima kwa siku moja, na mimi ndipo nikaangukia Buyenzi. Nikafikiri sana. Hakuna.

Nikajipigia mwenyewe. Mashine ya nje ikaiita mashine ya ndani. Nikapokea. Nikajiuliza habari, nikajibu nzuri. Sauti safi kabisa! Tukaongea dakika kumi na moja. Mwishoni nikajiuliza tena kama kweli ni nzuri, nikakata.

Mwantum aliuliza dirishani nazozana na nani. Nikamwambia mteja.

Alhamisi, 4 Machi

Aibu. Naandika haraka nisahau haraka.

Wateja wawili kwa mpigo. Rachid wa gereji, anataka kadi za harusi ya binti yake. Na Mama Khadidja, mjane anayeuza mkaa kwenye kona. Mwanawe Hamimu alikimbia vita mwaka tisini na sita, akaishia Norvège, kule Ulaya. Barua zimefika, sauti haijafika hata mara moja. Nikamuuliza anataka kumwambia nini, nimpangie muda. Akasema, "Sina maneno, baba. Mi nataka kusikia tu kama iko na sauti ile ile."

Nikamvalisha visikizio. Upande wa pili Rachid akaanza kuchapiwa kadi. Wote wawili kwa wakati mmoja, sanduku moja! Nikachungulia ng'ambo kama Massoudi anaona.

Hamimu akapokea. Akasema, "Mama?" Basi. Visikizio vikakoroma, skrini ikaganda. Mama Khadidja akabaki ameshika masikio kwa mikono miwili, akisema, "Ndiyo, ni mama, ni mama." Hakukuwa na mtu.

Na printa ikatoa kadi. Jina la bibi harusi liko sawa. La bwana harusi liko sawa. Katikati yao mistari tisa ya vialama na herufi zisizosomeka. Rachid akauliza ni lugha gani. Nikasema ni nakshi. Akaisoma tena, akasema, "Apana, Astère. Binti yangu haolewi na hii kitu." Akavuka barabara. Akaingia kwa Massoudi!

Ijumaa, 5 Machi

Sikulala, lakini nimempata mchawi.

Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa, kama daftari hili. Nafasi ikibana, mashine ya nje inachukua kurasa za mashine ya ndani zinazoonekana hazitumiki, inazihamishia kwenye diski, na pale zilipokuwa inampa mwingine. Programu ikiukuta ukurasa haupo, inapiga kelele na kungoja hadi urudishwe. Hakuna ugomvi. Lakini kadi ya sauti haijui kungoja. Iliambiwa iandike pale, inaandika pale. Haiulizi nani amehamia. Sauti ya Hamimu ilimwagika ndani ya kadi ya Rachid!

Siwezi kuilaumu sana. Mimi nilimwandikia Nella mwaka mzima kwenye anwani aliyokwisha kuihama.

Dawa ya kweli ni kuzifungia kurasa zote za mashine ya ndani zisihamishwe kabisa. Ila kumbukumbu yangu ni ndogo. Nikifunga, mashine ya nje haitabaki na pa kukaa. Inahitajika bareti nyingine ya memori, kile kipande chembamba cha kuongezea kumbukumbu.

Baada ya sala ya Ijumaa, Massoudi akaja mwenyewe mlangoni, kanzu nyeupe, tabasamu. Akasema amesikia nina shida. Akasema ana bareti moja ya ziada, haina kazi. Akasema pia pilau iko tayari kwake, nivuke tule pamoja. Nikaona mara moja: ujasusi! Anataka kujua kilichomo chini ya kanga. Nikamwambia mashine zangu hazina shida yoyote na nimeshiba. Nikala mkate na chai. Kicheko chao kilifika mpaka hapa. Walikuwa wengi.

Jumapili, 7 Machi

Njia yangu mwenyewe! Kama mashine ya nje inachukua kurasa zilizokaa kimya, basi zisikae kimya. Nimeandika programu ndogo inayozunguka mashine ya ndani na kugusa kila ukurasa, mmoja mmoja, bila kupumzika. Kila ukurasa utaonekana una kazi. Ni kama mtu anayepita chumba hadi chumba akiwasha taa ili wezi wadhani nyumba imejaa. Nami najua, nimeishi hivyo.

Ilishika nusu saa. Kisha mashine ya nje ikakosa pumzi. Nikibonyeza herufi A, inatokea nimeshachemsha maji.

Alasiri mabomu yakalia upande wa vilima. Barabara ikafungwa milango yote. Nyuma ya ukuta niliwasikia Mwantum na watu wake wakihesabiana majina kama wote wamo ndani. Mimi nikalitaja langu. Nimo.

Jumanne, 9 Machi

Mama Khadidja akarudi. Wiki hii Hamimu hapati nafasi ila leo, kazi yake ni ya kiwandani. Mama alikuwa amevaa nguo ya sikukuu, eti akimsikia vizuri asije akawa amevaa ya mkaa. Nikamhakikishia kila kitu kimetengenezwa. Nilijua hakijatengenezwa!

Hamimu akapokea. "Mama? Mama, unanisi..." Ikaganda.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alivua visikizio taratibu, akavifuta na ukingo wa mtandio wake, akavilaza mezani. Akasema, "Si neno, mwanangu. Leo nimepata maneno matatu. Siku ile ilikuwa moja."

Sijui miguu yangu ilitoka lini. Nilijikuta ng'ambo, mbele ya Massoudi, mbele ya wateja wake wote, naye Rachid yumo! Nikasema, "Massoudi, nipe ile bareti. Mashine yangu ni moja. Nilidanganya."

Massoudi akasema, "Najua ni moja, ndugu yangu. Kanga yako ni fupi." Akafungua mtoto wa meza, akanipa. Akanifuata mwenyewe na bisibisi.

Tukafungua sanduku, tukaipachika. Nikafunga kurasa zote za mashine ya ndani, hata moja isitoke. Tukampigia Hamimu upya; alikuwa bado anangoja. Mama Khadidja akaongea dakika arobaini. Yeye aliyesema hana maneno! Alianza na bei ya mkaa. Kisha akasikiliza tu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi iko sawa.

Mimi na Massoudi tukasimama nje tumwachie chumba. Akaniuliza, "Na weye, nani anakupigia?" Nikasema wateja. Akasema nisingoje kuitwa. Ijumaa, Jumapili, siku yoyote, nivuke tu nikae.

Nikasema nitavuka. Nilikuwa na maana hiyo kabisa.

Ijumaa, 12 Machi

Sikuvuka. Nilikuwa na kazi.

Nimegundua jambo kubwa! Kurasa zikikosa nafasi kwangu, kwa nini ziende kwenye diski, polepole vile? Kompyuta mbili za Massoudi zimejaa kumbukumbu, na saa za kula zimelala chini ya vitambaa. Nikipitisha waya juu ya barabara, kurasa zangu zitahamia kwake na kurudi zikiitwa. Hatajua hata kidogo. Nitamweleza baadaye, ikishafanya kazi, afurahi.

Saa saba mke wake alituma sahani ya pilau imefunikwa, na ujumbe kwamba walinisubiri hadi chakula kikapoa. Pilau tamu sana. Nimeila nimesimama mlangoni, nikipima upana wa barabara kwa macho.

Hatua kumi na nne, si zaidi. Waya ukishafika kule, sitakuwa na haja ya kuvuka mwenyewe.