Mshauri Aliyemuuliza Binti Yangu Anapenda Nini

Kwa Mkuu wa Kitivo,

Mheshimiwa,

YAH: MSHAURI WA MASOMO WA MWAKA WA KWANZA, CHUMBA CHA MWISHO KARIBU NA NGAZI

Natumai u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni mwalimu wa udereva, na baba wa msichana niliyewaletea mwaka huu akiwa hana tatizo lolote, fani yake tayari mkononi: sheria. Niliichagua mimi, mama yake akaunga mkono, shangazi yake akaitangaza mtaa mzima. Ilibaki kusomwa tu.

Binti akaenda kwa mshauri kuidhinishiwa masomo. Badala ya kugonga muhuri, bwana yule akamwangalia, akamuuliza, "Wewe mwenyewe unapenda nini?"

Mheshimiwa, swali hilo halijawahi kuulizwa katika ukoo wetu. Madhara yake ni haya:

1. Binti amehamia jiolojia. Likizo hii amerudi na begi la mawe. Yamejaa meza ya sebuleni, na haturuhusiwi kuyasogeza kwa kuwa yamepangwa kwa umri. Nilipomkalisha chini tuzungumze kiutu uzima, alinipa moja nilishike. "Baba, hili lilikuwa chini ya bahari." Nililishika mpaka chai ikapoa, na hoja zangu nikazisahau.

2. Akamuuliza bibi yake swali lile lile. Mama mkwe alilifikiria tangu asubuhi hadi magharibi, kisha akasema hajawahi kupenda kupika. Mke wangu akajibu hivyo hivyo, tena bila kufikiri. Sasa napika mimi. Na kwa kuwa nyumba nzima imejifunza kusema inachopenda na isichopenda, kila jioni naambiwa ukweli.

3. Shemeji yangu, fundi cherehani, amekataa sare za shule. Anashona kofia tu. Mtaani kwetu havai kofia mtu yeyote. Anasema tutazoea.

4. Hili ndilo zito. Juzi tulifika njia panda na mwanafunzi wangu. Nikafungua mdomo nimwambie akate kushoto, nikajisikia namuuliza anapenda kwenda wapi. Akazima injini ili afikirie vizuri. Magari yakapanga foleni hadi sokoni. Askari wa barabarani akaja amefura, mwanafunzi naye akamuuliza anapenda nini. Askari akaegemea boneti, akatusimulia habari za kufuga nyuki. Tangu siku hiyo njia panda ile haina askari.

Kwa hiyo naomba mshauri apewe muhuri mkubwa zaidi na aondolewe kiti cha wageni. Swali lake waulizwe wa mwaka wa mwisho pekee, ambao haliwezi kuwadhuru tena.

Wasalimie makarani, walinzi, na mshauri mwenyewe. Sina ugomvi naye binafsi.

Wako mtiifu kwa alama zote za barabarani,

Baba wa Msichana wa Mawe

N.B. Barua hii nimeileta kwa mkono, nikaketi kidogo kwenye benchi nje ya chumba cha mshauri. Karani akaniambia wazazi hawahudumiwi. Naomba kwa heshima utaratibu huo uangaliwe upya. Nyumbani wameshaulizwa wote, nimebaki mimi.