Kengele ya Malkia

Jumatatu, 4 Machi
Kondoo wa fundi cherehani wameibwa mchana kweupe, kando ya uzio wa hifadhi. Wezi hutokea porini, hurudi porini, basi. Kijiji kizima roho juu, mke wangu zaidi. Ng'ombe wake Malkia ana mimba pevu, na maziwa yake ndiyo yanamsomesha binti yetu. Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa ulinzi. Nani anafaa kama mimi? Nasikia shemeji, kaka yake mke wangu, askari wa hifadhi, naye anautaka uenyekiti. Mtu wa tembo anataka kulinda ng'ombe! Hapa kuna namna.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua tatizo. Kengele! Kila ng'ombe kavaa kengele shingoni. Mwizi anatega sikio tu, anajua pa kwenda. Kikaoni nikataka zivuliwe zote. Shemeji akapinga, eti ng'ombe akipotea, kengele ndiyo itakayotukutanisha naye. Kasema taratibu, kama mtu aliyejiandaa. Anazipendea nini? Nani mwingine anashinda porini akisikiliza? Wakamuunga mkono wote. Hata mke wangu.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kapanga zamu kwenye zizi la pamoja. Kifua mbele! Nami nina dawa yake. Kesho namwiba Malkia mwenyewe. Nitamficha kwenye kibanda cha tiketi cha lango la zamani la hifadhi, pale pasipopita mtu siku hizi. Shemeji akishaumbuka, mimi nitamrudisha ng'ombe, na uenyekiti juu. Mke wangu sijamwambia. Hana siri, halafu damu ni damu.

Alhamisi, 7 Machi
Alfajiri. Kinyozi alikuwa zamu. Akaniuliza nampeleka wapi Malkia, nikasema maji. Akaniruhusu! Ulinzi gani huu? Nilimvua kengele, nikaisahau mfukoni mwa koti. Kibandani nikakuta mlango ulishang'olewa zamani. Kamba sina. Nikamfunga kwa mkanda wa suruali, nikarudi nimeishika suruali kwa mkono.

Nikafika na kutangaza kwamba Malkia haonekani. Kinyozi akataka kusema neno, nikamkatiza. Nikajitolea kumtafuta peke yangu. Shemeji akang'ang'ania tuongozane. Ananishuku! Kwa lipi? Ikabidi nimzungushe kwanza kwingine. Tulipofika kibandani, mkanda umekatika. Malkia hayupo. Nyayo zinaingia porini, kwenye simba.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu hajala tangu jana. Anakaa kizingitini, anatazama njia ya porini. Angenigombeza ningejua la kufanya. Moyo unaniuma, nasema kweli.

Shemeji kaleta wenzake wenye bunduki, na kijiji nyuma. Nami nimo, tena mbele, kuzuia watu wasichunguze kibandani. Kuruka mtaro, nikaanguka kifudifudi. Mfukoni, ngli-ngli! Watu wote wananitazama. Shemeji akasema tu, "Piga tena, shemeji."

Nikapiga. Ningefanyaje? Nikapiga mpaka mkono ukachoka. Vichaka vikatikisika, akatoka Malkia, na nyuma yake ndama angali mbichi, miguu inagombana. Mke wangu alimkumbatia ng'ombe shingoni, akalia. Nami nikalia. Kisha akaiona kengele mkononi mwangu, na kile kipande cha mkanda alichokiokota kaka yake kibandani.

"Kumbe mwizi nalala naye," akasema.

Kinyozi naye, hapo ndipo akapata nafasi ya kusema.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kachaguliwa. Hata kura hazikupigwa. Mimi nimepigwa marufuku kukaribia zizi. Malkia amenunuliwa kengele mpya. Ile ya zamani mke wangu kaining'iniza mlangoni mwetu, asikie nikitoka.

Nimelala sebuleni, nimewaza. Shemeji alijuaje kwamba Malkia ataitika kengele? Alijuaje nipige tena? Na nani kanufaika na mambo haya yote? Kumbe! Mchezo mzima kaucheza yeye, mimi nikaingia kichwa kichwa. Na mtu wa hila kama huyo ndiye tumemkabidhi mifugo yetu!

Lazima kijiji kifumbuliwe macho. Kengele ya mlangoni nimekwishaitia soksi. Alfajiri naenda kumchukua fahali wa shemeji. Nitamweka kibanda kile kile, hakuna atakayedhani narudia.

Na safari hii nimetafuta kamba.