Goti ya Hariri na Mbuzi Namba Saba

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tatu, 2018

Nabintu, andika. Andika vile ninasema, usitengeneze. Huyu Nabintu ni mupangaji wangu, mushonaji wa Bukavu, kalamu yake inakimbia kuliko cherehani. Mimi sikusoma. Baba alisema masomo ni ya bavulana, kisha bavulana bakakataa masomo. Basi.

Leo siku kubwa. Nimepata njia ya goti!

Goti ya kuume. Miaka sita ninasali juu ya kiti ya plastiki, sawa muntu anayengoja kinyozi. Ninainamisha kichwa kidogo, paji ya uso inabaki hewani. Miaka sita haijagusa mukeka. Imamu alisema Mungu anaelewa. Najua anaelewa. Mimi njo sijazoea.

Asubuhi nilipeleka majani ya iboberi kule Mururu, mu labo, maabara ya hariri. Majani ile njo chakula ya magweja, viwavi ba hariri. Shamba ni ya marehemu Kamali, mume wangu. Alikuwa anauza vitambaa hapa Kamembe. Hariri aliipima kwa mikono maisha yote, mwenyewe hakuivaa hata siku moja, juu kwetu mwanaume havai hariri. Siku moja nilimukuta ameiweka kwa shavu, amefunga macho. Nilirudi nyuma polepole, sikumuambia niliona. Wapi tulikuwa?

Magweja. Viwavi bale beupe, maelfu, banalala juu ya vitanda vya mianzi na banakula. Ukifunga macho unasikia mvua. Mvua ndogo juu ya migomba. Nilisimama pale mpaka Maman Odette akaniuliza kama nimelala. Sikulala. Nilikuwa ndani ya mvua.

Maman Odette ni jirani ya shamba, naye analeta majani. Miaka makumi tatu anavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu na beseni kwa kichwa. Magoti yake yote mbili yamekwisha. Anajivunia.

Doktere Mukamurenzi alitueleza hariri inaenda wapi. Binti mudogo, miwani mikubwa. Nilifikiri inaenda kwa magauni. Kumbe kwa magoti. Banachemsha uzi, banausafisha, banautengeneza sawa sponji ndogo. Banaitia ndani ya goti, pale nyama laini katikati ya mifupa imelika. Mu sponji kuna dawa, inatoka tone kwa tone, wiki na wiki. Nyama yako mwenyewe inaingia mule, inakaa, inajenga. Kisha hariri inayeyuka, nyama inabaki. Alisema ni sawa nyumba ya kupanga: mupangaji akisha kuzoea, nyumba inajiondokea. Nilimufikiria Nabintu. Hiyo usiandike.

Nikasema anitie mimi. Leo. Asubuhi nilikunywa chai tupu.

Doktere alicheka. Kwanza mbuzi, alisema. Mbuzi kumi na mbili. Kisha miaka ya kungoja. Kisha bakubwa basome, bakubali. Njo zamu ya bantu. Maman Odette akauliza bantu gani bataanza. Nilisema mimi, juu goti yangu ni moja, kazi ndogo. Yeye akasema mwenye mbili njo mugonjwa, mwenye moja anajifanya. Tulirudi kila muntu na pikipiki yake.

Jumanne, tarehe 6

Niliota. Ziwa yote ilikuwa kitambaa, inakunjwa na kukunjuliwa, na Kamali anaipima kutoka Kamembe mpaka Bukavu. Mimi nimepiga magoti juu yake, sizami. Baridi nzuri kwa paji ya uso.

Niliamka na akili. Mbuzi bakipona haraka, zamu ya bantu inafika haraka. Nani anabasaidia kupona? Hakuna. Banabaacha na dawa peke yake. Mimi nilikamua ng'ombe kwa mama yangu, nilisaidia ndama kuzaliwa, na goti ya mbuzi itanishinda?

Nabintu asema niache mambo ya watu wenye shahada. Nikamuuliza ana shahada gani ya kunikataza.

Alhamisi, tarehe 8

Siku ya wanamuke. Bote baliingia mu mukutano kusikiliza hotuba. Mimi nilienda labo na majani, mandazi kumi, na chupa ya siagi ya ng'ombe, ile ya kienyeji, yenye harufu. Mandazi ni ya Papa Ntabaza, mulinzi. Muntu muzuri sana, Papa Ntabaza. Akila, anafunga macho.

Nikapita.

Mbuzi bako kumi na mbili, kila mumoja na namba kwa sikio. Namba Saba aliniangalia. Mbuzi jike, mweusi, ndevu kidogo sawa zangu. Doktere alisema bamemupasua wiki iliyopita, bado anauguza kidonda. Nilipiga hesabu: huyu njo wa kusaidiwa. Bandeji iko nyuma, kwa mguu. Nilifikiri ni pale balipitishia dawa. Nikapakaa siagi magoti ya mbele, yote mbili, polepole, sawa vile mama alinifundisha, kutoka juu kwenda chini. Namba Saba alifunga macho. Alikuwa sawa Papa Ntabaza.

Kweli nilimuonea wivu. Mbuzi! Hasali, hafungi, na goti ya hariri amepata mbele yangu.

Jumamosi, tarehe 10

Siagi tena. Na leo nikamutoa kutembea. Muntu akilala sana goti inashika kutu, mimi najua, mimi njo niko na kutu.

Tulizunguka nyuma ya labo, karibu ya senyenge. Mimi na fimbo, yeye na kamba. Mimi nachechemea mbele, yeye nyuma. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwa, Bukavu haikuonekana, milima hakuna, ilibaki sisi wawili tu na ile sauti ya mvua kutoka nyumba ya magweja. Tulisimama kupumua. Nikamuambia mambo mengi. Nikamuambia kuhusu Kamali na kile kitambaa kwa shavu. Nilimuomba apone kwa ajili yangu. Alikula upindo wa kitenge changu.

Nilisahau kabisa nilikuja kwa kazi gani. Ntabaza njo alinikumbusha, mandazi yalikuwa yamekwisha.

Jumatatu, tarehe 12

Doktere Mukamurenzi anafurahi! Alisema mbele yetu bote kuwa Namba Saba anakula vizuri kuliko benzake. Aliandika mu kaye yake, daftari ya labo. Nilivuta kitambaa mpaka kwa midomo. Midomo yangu ilikuwa inacheza yenyewe.

Maman Odette aliniangalia sana. Akasema mikono yangu inanuka sherehe ya kuzaa, pale mama na mutoto banapakaliwa siagi. Nilimuambia ni mafuta ya nywele. Akasema, Zaituni, nywele zako ziko chini ya kitambaa tangu mwaka wa tisini na tano, nani anazipakaa?

Huyu mwanamuke anaona sana. Magoti yalikufa, macho yakachukua nguvu yao.

Usiku wa leo nimenunua mukeka mupya mu mawazo. Rangi ya kijani. Pindo nyeupe.

Alhamisi, tarehe 15

Balinishika.

Tulikuwa kwa senyenge, mimi na Namba Saba, mzunguko wa tatu. Maman Odette alipita na doktere, anamuonyesha iboberi yake mpya. Akasimama. Akasema kwa sauti tamu, sawa muntu anasifu mutoto ya jirani, ona vile mbuzi ya labo inatembea vizuri siku hizi.

Doktere hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kujibu. Alikuja polepole, akainama, akashika magoti ya mbele ya Namba Saba, akanusa vidole. Akauliza ni nini. Nikasema siagi. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya wanamuke. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mukecuru," alisema, sawa anaita bibi yake, "goti ya mbuzi iko nyuma. Hapa ulikuwa unapakaa ni kifundo ya mukono."

Maman Odette alicheka mpaka akashika senyenge.

Maisha yangu yote nimeona mbuzi bakipiga magoti ya mbele. Bakitaka kulala, mbele. Bakila majani ya chini, mbele. Bantu bote ba hapa banasema magoti. Na sasa ni mikono!

Doktere alisema siagi si kitu. Shida ni kutembea. Namba Saba alipashwa kupumzika wiki sita, hariri ishike, nyama iingie. Sasa hakuna atakayejua kama goti imepona kwa hariri ama imeharibika kwa matembezi. Akauliza juu ya nini nilifanya vile.

Nilitaka kumuambia ni huruma kwa mnyama. Nikasema ya kweli.

"Nataka paji ya uso iguse chini, binti. Mara moja tu, kisha munizike."

Maman Odette aliacha kucheka. Aliangalia magoti yake.

Doktere alichukua kamba ya Namba Saba. Kisha akasema nikimuharakisha yeye anakosea, na akikosea, bakubwa batafunga kaye, na hakuna goti hata moja itakayotengenezwa, ya mbuzi wala ya muntu. Alisema kwa upole. Upole ule njo uliniuma.

Jumamosi, tarehe 17

Habari ilikuja. Namba Saba ametoka mu hesabu. Banatafuta mbuzi mwingine, bamupasue, bahesabu upya. Miezi sita juu ya ile ilikuwepo.

Miezi sita! Mimi mwenyewe nimejisukuma nyuma. Na Maman Odette nimemusukuma pamoja, hiyo kidogo inanifariji.

Hapana, futa. Hainifariji. Jana alileta sahani ya sambaza, samaki badogo ba ziwa, akaiweka kwa mulango, hakuingia. Akasema nje kwa sauti kuwa ilibaki tu, nisifikiri ni yangu. Tulikula, mimi na Nabintu. Chumvi ilikuwa nyingi. Sitamuambia.

Majani yangu banapokea bado, lakini kwa lango. Ndani siingii. Papa Ntabaza anaona haya, hakubali mandazi hata yakiwa ya moto. Nilisimama kwa lango na kufunga macho. Kutoka pale mvua ya magweja inasikika kidogo, sawa inanyesha kwa nyumba ya jirani.

Nimekubali. Mimi ni mwanamuke muzima, nimeelewa kosa. Mambo ya labo niachie labo. Andika hiyo kwa herufi kubwa, Nabintu, na utie tarehe.

Jumanne, tarehe 20

Kuna karatasi kwa lango ya labo! Mwenye pikipiki alinisomea. Banatafuta muntu wa kufagia nyumba ya mbuzi, asubuhi na jioni. Anapewa ufunguo.

Ufunguo!

Si kupakaa, naapa. Si kutembeza. Nitafagia tu. Lakini muntu anayefagia anaona bintu. Mbuzi mupya akikataa chakula, nani atamubembeleza? Akiwa na huzuni, nani atamuimbia? Kuimba hakuharibu goti. Na nikipita na mafuta kidogo, kidogo kabisa, safari hii nyuma, pale penyewe, si doktere mwenyewe njo alinionyesha?

Nabintu ameweka kalamu chini. Asema hatajaza fomu ya kuomba kazi niliyopewa kwa lango. Nikamuambia kodi ya mwezi huu tutaizungumza baadaye. Ameokota kalamu.

Basi tumeandika. Jina: Zaituni, mujane wa Kamali. Miaka: tumepunguza, sina haja ya kusema ngapi. Kazi nilizofanya: ng'ombe, ndama, mbuzi mumoja.

Chini kabisa kuna pahali pa afya. Muombaji awe na nguvu ya kusimama, kuinama, na kupiga magoti saa nyingi. Nabintu ameniangalia, nimeangalia kiti ya plastiki. Ameuliza kwa magoti tuandike nini.

Nimemuambia andika: mazima.