Kompyuta Iliyokataa Mwendo Kasi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua! Najenga kompyuta ya michezo. Yangu mwenyewe, kipuri kwa kipuri, kwa mikono hii hii.

Sababu ni Binamu, binti wa mjomba. Tunasoma chuo kimoja, kwa bahati mbaya. Leo kwenye ukumbi wa wanafunzi amenishinda mbio za magari mbele ya darasa zima. Si kosa langu. Kompyuta yangu mpakato ni ya kuandikia insha tu. Ukiifungulia mchezo inavuma kama mashine ya kukaushia nywele saluni, na gari linasogea picha moja moja, kama mtu anayefungua albamu ya harusi. Binamu alimaliza mbio, akaenda kununua chai, akarudi, akanikuta bado niko mzunguko wa kwanza. Akanibatiza Basi la Wanafunzi. Jina limeshika! Mhadhiri wa upimaji ardhi ameliita akiwa anahesabu mahudhurio.

Kumbe Binamu naye anajenga kompyuta. Tukakubaliana hapo hapo: Jumapili ya tarehe 16, mjomba na watu wake wakija kula kwa dada yangu, kila mmoja ataweka mashine yake mezani tumalize ubishi.

Nina akiba ya posho na ujira wa likizo, nilipopaka rangi uzio wa shule. Inatosha kompyuta moja ya wastani. Nitanunua ya ajabu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika duka la vipuri. Muuzaji ni mtu wa miwani, ila miwani yenyewe hukaa kwenye paji la uso. Akauliza nitacheza michezo gani, nina skrini gani, na nina kiasi gani mfukoni. Maswali ya kipolisi! Nikamwambia naulizia kwa niaba ya kampuni. Akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Hapo ndipo nikaliona. Kasha! Upande mmoja kioo kitupu. Feni sita mbele na nyuma, kila moja na taa, na taa zinabadilika rangi zenyewe. Moyo ukanipasuka.

Muuzaji akarudi kuniharibia. Eti kasha ni nguo tu, halikimbizi mchezo. Eti mwenye fedha ya kuhesabu aanze na kadi ya picha, kisha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, na hapo asifanye ubahili hata kidogo. Kasha lije mwisho, hata la bati.

Nikamsikiliza kwa heshima zote. Nikalipia kasha.

Karibu nusu ya fedha imekwenda. Boksi limekwama getini, ikabidi mlinzi wa jirani asukume na mimi nivute.

Alhamisi, 6 Machi

Naishi kwa dada, fundi cherehani, anayeshonea nyumbani, chumba cha mbele. Asubuhi amelikuta kasha sebuleni. Akachukua futi yake shingoni, akalipima urefu na upana, akasema litafaa sana kuwekea rili za nyuzi. Nikamwambia asiliguse, ni kifaa cha chuo.

Shemeji, mume wa dada, akaliinamia kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akaniuliza kwa upole kabisa samaki wanaingizwa kupitia wapi.

Watu hawa hawana macho ya sanaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa karne!

Binamu ameuliza kwenye kundi la mtandaoni la wajenzi wa kompyuta anunue bodi ipi. Bodi ni ule ubao mkubwa ambao vipuri vyote hupachikwa. Nikajiunga kwa jina la Dokta Voltaji. Nikamwandikia kwa lugha ya kitaalamu kwamba bodi nyekundu hupoa haraka kuliko za rangi nyingine, kwa sababu wekundu hufukuza joto. Nimeitunga nikiwa naoga.

Binamu akashukuru. Akasema atalifikiria.

Na alifikirie! Atafute bodi nyekundu mji mzima mpaka Jumapili impite. Nimecheka mpaka dada akagonga ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Kundi limewaka moto. Kila mtu anazungumzia bodi nyekundu. Mmoja ameapa kwamba tangu anunue ya kwake hajasikia feni ikizunguka. Mwingine ameweka mchoro wenye mishale. Watatu wamegombana kuhusu wekundu wa nyanya na wekundu wa matofali, upi unafukuza joto zaidi.

Nilianza kusoma kwa kejeli. Nikaendelea kusoma kimya. Kufika jioni nimeingiwa na wasiwasi wa kweli. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga.

Na mimi sina bodi nyekundu!

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi duka likifunguliwa. Imebaki moja. Muuzaji mwenyewe ameshangaa, anasema tangu Jumamosi watu wanaulizia nyekundu tu, basi amepandisha bei. Nikalipa. Njiani nikajilaani, halafu nikajipongeza: si kila mtu maneno yake yanatikisa soko.

Muuzaji aliniuliza prosesa nitakayopachika, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya aina gani, maana si kila prosesa huingia kwenye kila bodi. Nikamwambia hayo tunayajua kampuni nzima.

Binamu hajanunua nyekundu. Amenunua kompyuta nzima ya zamani kwenye ofisi iliyokuwa inahama, lile boksi la kijivu la makarani. Maskini! Nimemwonea huruma kwa dakika kadhaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata prosesa iliyokwisha tumika kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeitwa Bei Poa. Aliniuliza kama inaingia kwenye bodi yangu. Nimechoka na swali hilo.

Haiingii.

Prosesa ina vijino kwa chini, vingi kama brashi. Na bodi nayo, pale pa kuipokelea, ina vijino vyake. Meno juu, meno chini! Nikaigeuza. Haikuingia. Nikaigeuza tena. Kitu cha mraba kina uzuri wake, kinakupa matumaini kila upande. Mwisho nikaisukuma kidogo kwa kidole gumba, kukasikika kitu kama biskuti ikivunjika.

Vijino vya ukingoni vimelala. Nimevinyanyua kimoja kimoja kwa sindano ya dada, ulimi nje, jasho puani. Dada akaingia akaitafuta sindano yake. Akasema, “Mdogo wangu, wewe huwezi hata kufunga kifungo cha shati. Humo ndani unashona nini?”

Nikasema ni somo la vitendo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kurudisha bodi. Nilivaa kofia ya shemeji na koti lake ili muuzaji asinitambue, nikazungumza kwa sauti nzito. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani puani, akasema, “Karibu tena, kampuni.”

Hata hivyo ni mtu mwema. Amenibadilishia kwa bodi ya kijani, mbaya kama trei ya hospitali, ila prosesa imeingia yenyewe bila kusukumwa. Amenikata kiasi kwa sababu nyekundu nilishaichokonoa. Kwa zilizobaki nikachukua ramu moja, kile kibao cha kumbukumbu, na kadi ya picha iliyokwisha kustaafu. Diski nimeing'oa kwenye mpakato wangu, pamoja na insha zangu zote. Skrini ninayo, shemeji aliiokoa kazini kwao ilipokuwa inatupwa.

Imebaki pawasaplai. Mfukoni sina kitu. Na Jumapili hiyo imefika!

Jioni nikamketisha dada. Nikamwambia ukweli, yaani sehemu ya ukweli: kifaa hiki kinaweza kuchora vipande vya nguo kwa vipimo, mteja akaiona gauni yake kwenye skrini kabla mkasi haujagusa kitambaa. Dada akaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu. Akatoa kwenye kopo la vifungo fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya pasi mpya, maana ya zamani inaunguza kola za watu. Akanipa yote. Akasema Jumapili atapenda kuiona gauni hiyo.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema asante.

Ijumaa, 14 Machi

Nimenunua pawasaplai. Zilikuwepo mbili: moja nzito yenye dhamana, nyingine nyepesi kama boksi la viatu. Nimechukua nyepesi, na chenji yake nimenunua utepe wa taa za rangi wa kuzungusha ndani ya kasha. Muuzaji alifumba macho.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeunganisha kila kitu. Nikaita familia. Nikabonyeza.

Taa! Feni zote! Zambarau, bluu, kijani, nyekundu! Shemeji akapiga makofi. Dada akasema “jamani” mara tatu.

Skrini nyeusi tii.

Nikasema inapasha misuli. Tukasubiri. Chai ikapoa. Shemeji akasema hata ikiishia hapo si haba, sebuleni itatumika kama taa.

Nimeifungua na kuifunga mara mbili. Skrubu moja imebaki mkononi, sijui ya wapi. Nikajishusha, nikauliza kwenye kundi kwa jina langu halisi. Likaja jibu moja tu, lenye heshima: suala lako ni zito, mtafute Dokta Voltaji.

Jumapili, 16 Machi

Siku yenyewe.

Mjomba ameingia na kicheko chake, skrini ya Binamu kwapani, nyuma yake Binamu amekumbatia boksi la kijivu. Mlango wa boksi umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ameongeza kadi ya picha ya maana na pawasaplai nzito, basi. Hakuna hata taa moja. Nikaiangalia kwa dharau.

Nikaeleza kwamba yangu ina tatizo dogo la skrini. Binamu akazunguka nyuma, akachungulia, akachomoa waya wa skrini kwenye tundu la bodi, akauchomeka kwenye tundu la kadi ya picha. Picha ikatokea. Sekunde tu! Hakucheka. Alisubiri mpaka akae chini, ndipo akacheka.

Mbio zikaanza. Nikakanyaga mafuta. Niliongoza! Naapa, mpaka kona ya kwanza niliongoza, mjomba ni shahidi. Kisha pap! Giza. Mashine imezimika yote.

Nikaiwasha. Tukaanza upya. Nikakanyaga mafuta. Pap!

Binamu akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba gari likienda kasi kadi ya picha inadai umeme mwingi, na kile kiboksi changu cha viatu hakina. Akauliza nimelipia kiasi gani. Dada naye akaniangalia. Nikaangalia utepe wa taa. Taa nazo zikaniangalia, zambarau.

Ila sikukata tamaa! Nikagundua kwamba nikienda taratibu haizimiki. Basi mbio za tatu nimeendesha zote kwa mwendo wa maiti anayesindikizwa, nikiwasha taa ya pembeni kila kona. Binamu alimaliza, akala, akaosha mikono, akarudi kunishangilia. Nyumba nzima ikaimba Basi la Wanafunzi. Mjomba ndiye aliyekuwa anaanzisha.

Nikavuka mstari. Nikapunga mkono.

Halafu dada akasema, bila kupandisha sauti, kwamba sasa angependa kuiona ile gauni.

Sikuwa na gauni. Sikuwa hata na programu ya gauni. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza wiki hizi mbili hakikutoka kitu. Dada aliona. Akaanza kukusanya vyombo, polepole, kimoja kimoja, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kunifokea.

Binamu akamshika mkono. Akamwambia kuchora mashine hii itaweza bila shida, maana kuchora hakudai umeme wa mbio. Akapakua programu ya bure, akamketisha dada kwenye kiti changu, wakaanza na vipimo vya mteja wa kesho. Kiuno, mabega, urefu wa mkono. Baada ya muda gauni ikasimama kwenye skrini, ikageuka mbele na nyuma. Dada akaigusa kwa kidole. Akasema bega la kushoto limekosewa. Akalirekebisha mwenyewe!

Mpaka wageni wanaondoka alikuwa bado amekaa pale. Hakunirudishia kiti.

Jumamosi, 29 Machi

Kompyuta imehamia chumba cha kushonea. Wateja wanaleta wenzao waje kuona gauni zinavyozunguka, na watoto wao wanakaa kimya wakiangalia taa. Dada amenunua pasi, tena ya mvuke. Mimi nimepata insha zangu kwenye karatasi, zimechapishwa upande wa pili wa vipimo vya watu.

Leo dada ameniita. Amenipa bahasha: fedha ya vipuri vyangu vyote, amevinunua rasmi. Akasema nianze upya, taratibu, na safari hii nimsikilize muuzaji. Nikamwahidi. Nilikuwa na machozi, kwa kweli.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Nikamwomba muuzaji radhi kwa habari za kampuni. Akafurahi, akashusha miwani, akachukua kalamu, akaniandikia vizuri kabisa: kadi ya picha hii, pawasaplai ile, bodi na prosesa zinazopatana, kasha la bati. Zote zinaenea kwenye bahasha, na nauli inabaki. Nikamshukuru kwa moyo wote. Mtu huyu ni hazina.

Wakati anaingia stoo kuvileta, nikakiona kiti. Kiti cha wachezaji! Chekundu na cheusi, kinalala nyuma kama kitanda, kina mto wa shingo, mto wa mgongo, na spika mbili masikioni. Nikakikalia ili kumsubiri tu. Kikanipokea kama mzazi.

Nimefika nacho nyumbani. Chumba hakina kompyuta, hakina skrini, hata meza hakina, kwa hiyo kiti kinazunguka duara zima bila kugonga kitu. Mgongo umenyooka. Binamu hana kiti kama hiki na hatakuwa nacho, maana kilikuwa kimebaki kimoja.

Ipo meza inayoendana nacho, yenye taa pembeni. Nimeshaulizia bei.