Rangi ya Miguu ya Madawati

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mama mkwe amekubali kuacha kuishi peke yake. Atahamia kwa mmoja wa wanawe wawili: kwa shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, au kwetu. Sharti lake ni kwamba akae kidogo kule, akae kidogo huku, kisha achague mwenyewe. Alhamisi anaanza kwa shemeji. Jumapili anakuja hapa.

Mke wangu alinipa habari hizi akikunja nguo. Taulo moja alilikunja mara tatu. Anamtaka mama yake. Hakusema, lakini mimi taulo nalielewa.

Nami namtaka. Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni walilicheka shati langu hadharani. Ni yeye peke yake aliyesema, mwacheni, kijana ana mipango. Tangu hapo ukoo mzima unaniita Mipango, wengine kwa kejeli. Na ile miezi saba niliyokaa bila kazi, kapu la chakula lilifika kila Ijumaa, wala hajawahi kulitaja hata kwa utani. Fadhila ya punda ni mateke, lakini mimi si punda.

Tatizo ni nyumba. Kuta rangi ya maziwa. Milango rangi ya maziwa. Sakafu, maziwa yaliyoingia vumbi. Alipokuja mwaka jana alisimama sebuleni akasema nyumba yetu haina mwanzo wala mwisho. Papo hapo akajigonga kwenye fremu ya mlango wa korido, kisha akamimina chai pembeni ya kikombe. Nyumba mbaya kiasi cha kumvuruga mgeni! Neno lile limenikaa kooni mwaka mzima. Shemeji anauza vigae, na nyumba yake inafanana na picha ya kalenda.

Lazima rangi. Nina siku sita.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni karani wa stoo katika karakana ya madawati ya shule. Leo dada wa mapokezi ameniazima jarida la mapambo ya nyumba. Nimelisoma nikiwa nimejificha nyuma ya mbao. Linasema rangi moja iwe bosi, ya pili iwe msaidizi, na ya tatu iwe mgeni anayepita, aonekane hapa na pale, hata kwenye kikombe. Linasema pia mwenye nyumba asiwe mwoga. Siogopi.

Jioni nikaenda kwa mama muuza rangi. Nikachagua manjano inayoitwa Asubuhi Tulivu. Akaniuliza ukubwa wa sebule. Nikamwambia viatu ishirini kwa kumi na tano, maana niliipima kwa viatu vyangu. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda. Akanishauri nipake kipande kidogo kwanza, kikauke, ndipo niamue, maana rangi mbichi ni uchumba na rangi kavu ndiyo ndoa.

Nilimshukuru kwa dhati. Ushauri mzuri sana kwa watu wenye muda.

Nimenunua pia vikombe vinne vya bluu iliyokolea. Hao ndio wageni wanaopita. Mke wangu ameuliza vile vyeupe vina kosa gani. Nimemwambia asome jarida.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Kufikia saa sita ukuta wa kwanza ulikuwa umekamilika, na kweli ulikuwa asubuhi, na ilikuwa tulivu. Nilisimama katikati ya sebule nikamshukuru Mungu kwa kunipa jicho la rangi.

Saa nane ukuta ukakauka. Si asubuhi tena. Ni saa sita mchana, jua la utosi, jezi ya golikipa. Kusimama karibu nao kunakufanya ukunje uso. Nikajiambia ukuta wa pili utaupoza wa kwanza. Haukuupoza. Wa tatu ukawaunga mkono wenzake.

Wa nne rangi ikaniishia kiunoni. Viatu vyangu havina kosa, nadhani ukuta ndio uliongezeka.

Hapo akaingia jirani, fundi rangi mstaafu tunayemwita Taratibu kwa sababu mlango mmoja humchukua siku mbili. Alisimama kizingitini. Akasema pole na kazi. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa na hasira humu ndani. Nilipomweleza habari ya mama mkwe akaenda kwake, akarudi na nusu kopo la bluu iliyokolea, akaniambia niupake ukuta wa nne wote ionekane nilikusudia. Ukikosea mara moja ni kosa, alisema, ukikosea mara mbili ni mtindo.

Mzee wa watu. Alinishikia ngazi mpaka nikamaliza, na goti lake bovu lile. Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua alama za vidole. Juzi nilikuwa nikipita milangoni nikiwa na mikono ya manjano, na kila fremu niliishika. Nikafuta kwa mafuta ya taa. Manjano ikatoka. Ikatoka na rangi ya zamani, na kipande cha mbao.

Nikamwendea msimamizi wa karakana, mama mmoja mkali mwenye moyo wa siagi. Nikamweleza. Akanipa kopo zima la rangi ya mafuta nyekundu, ile tunayopaka miguu ya madawati. Akasema hata yeye ana mama. Sikutegemea. Nilitoka ofisini kwake macho yakinichoma kidogo.

Nimepaka fremu zote tatu. Mlango wa choo nimeupaka wote, kwa kuwa alama zilikuwa zimefika mpaka kwenye kitasa. Swichi za taa mkono uliteleza, sasa kila moja ina mzunguko mwekundu. Halafu kopo likapinduka kwenye ile ngazi moja ya kushukia koridoni. Nilifuta haraka, lakini ukingo wote wa ngazi umebaki mwekundu.

Mke wangu aliporudi alikaa chini na mkoba wake begani. Akasema nimemhamishia shule ya chekechea. Akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, akaanza kulia. Akasema kaka yake ana nyumba safi, ana kila kitu, na yeye alichokuwa anataka ni mama yake akae karibu miaka iliyobaki, basi. Sasa mama atageukia mlangoni.

Nilimtengenezea chai kwenye kikombe cha bluu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kupeleleza. Nilisingizia kwamba nampelekea mama mkwe salamu za binti yake, ambaye alikuwa ameongea naye kwa simu dakika kumi zilizopita.

Nyumba nzima nyeupe na kijivu. Kochi jeupe, kapeti jeupe, kuta nyeupe. Katikati meza ya kioo, safi kiasi kwamba huioni. Shemeji alinizungusha kila chumba. Alisema mama ameridhika mno, tangu Alhamisi haondoki kwenye kiti chake. Kweli, tulimkuta ametulia kitini, mikono juu ya fimbo. Ana alama ya kuumia kwenye muundi wa mguu. Nilipouliza alisema ni meza tu ilimsalimia.

Raha ya namna hiyo sisi hatuwezi kumpa. Mtu hataki hata kunyanyuka! Nimerudi nyumbani nimenywea. Nikamwambia mke wangu kesho alfajiri naipaka nyumba yote rangi ya maziwa upya. Amekataa. Amesema mama asije akapokewa na harufu ya rangi mbichi juu ya mengine yote.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alifika saa nne. Aliingia sebuleni akasimama. Aligeuza kichwa polepole, kuta zote nne. Mke wangu alinifinya mkono mpaka pete ikaniumiza. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumsingizia Taratibu.

Kisha mama mkwe akauliza kama ule mwekundu ndio mlango wa choo. Tukasema ndiyo. Akaenda mwenyewe. Alipofika kwenye ngazi akainua mguu akashuka, bila kushikwa, bila kupapasa. Akarudi. Akakaa mezani. Akachukua birika akamimina chai kwenye kikombe cha bluu, ikajaa pale inapotakiwa, hata tone halikumwagika. Akakitazama kile kikombe kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Akauliza ni nani aliyefanya haya. Mke wangu akaninyooshea kidole. Mtu wa ndani ya nyumba yangu!

Mama mkwe akaniita karibu akanishika mkono. Akasema ana mwaka na nusu haoni milango. Kila kitu kwake ni uji, ukuta uji, kikombe uji. Kwa mwanawe alikaa kiti kimoja kwa sababu hakujua kiti kinaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Hakumwambia mtu, maana aliogopa ataanza kubebwa kama yai. Akasema, "Hapa najua nilipo, mwanangu."

Mke wangu alilia. Mimi pia nililia, ingawa nilisema ni harufu ya rangi. Mama mkwe akasema yeye hasikii harufu yoyote, nilie tu.

Asante Mungu. Asante Taratibu, asante msimamizi, asante kopo lililopinduka. Asante hata viatu vyangu.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amekuja. Alikuja kifua mbele, akauliza ni nani aliyeipiga nyumba hii. Mama yake akamkalisha akamweleza. Akasema hata ile meza ya kioo aliinunua kwa ajili ya mama. Nilimhurumia, nasema kweli. Alipoondoka aliniuliza, mimi, jina la ile rangi nyekundu. Nikamwambia Miguu ya Madawati. Akaiandika.

Jana mke wangu alimpeleka mama kwa daktari wa macho. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, litafanyiwa upasuaji. La kushoto litabaki na ukungu wake. Daktari amesifu nyumba yetu bila kuiona. Amesema siri si rangi gani, siri ni rangi mbili zinazotofautiana zikae jirani, kitu kijitenge na kilicho nyuma yake. Mke wangu alinieleza mara mbili, polepole, akinionyesha mlango na ukuta. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza jambo lingine.

Alhamisi, 13 Machi

Amechagua. Anakaa kwetu! Alitamka mezani, katikati ya kunywa chai, kama mtu anayeomba sukari. Mke wangu anaimba jikoni tangu asubuhi. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijui kama niliwahi kumsikia akimaliza wimbo.

Mama mkwe amepewa chumba kidogo cha nyuma. Kuta zake bado za maziwa. Amesema kinamtosha, tupake fremu tu. Ndivyo alivyo, hapendi kusumbua watu.

Lakini shukrani ya fremu ni shukrani gani? Mtu aliyenilisha miezi saba! Nimepiga hesabu yangu. Mlango mmoja mwekundu umemfikisha chooni bila kushikwa. Je, chumba kizima chekundu kitamfikisha wapi? Kuta nyekundu, mlango mwekundu na kitasa chake, kitanda, stuli, sakafu, kikombe cha maji. Hata fimbo yake, akiwa amelala. Nisibakize kitu.

Msimamizi amenipa makopo manne, akafuta macho. Taratibu amesafiri mpaka wiki ijayo, namshukuru pia kwa hilo, maana angenichelewesha. Kesho mama na mke wangu wanarudi kwa daktari, watashinda huko hadi jioni. Nitakuwa nimemaliza.

Hataamini macho yake.