Ubao Mmoja wa Fundi Hakikisho

Kila fundi ana kifaa anachokiamini. Fundi Hakikisho, aliyepewa jina hilo na wateja kwa sababu kila sentensi yake ilianza na "nakuhakikishia", alikiamini kipande cha ubao uliooza. Kilikuwa na urefu wa mkono, cheusi tii, upande mmoja umeliwa na maji, na katikati kilikuwa na jicho la mti kubwa kama la ng'ombe. Alikuwa akizunguka nacho bafu kwa bafu, mwaka wa tatu sasa, na hakikuwahi kumwangusha.

Jumatatu hiyo aliitwa nyumbani kwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mpole wa miwani, kuangalia bafu la ghorofani. Harufu ya kazi nono aliipata kabla hajavua viatu. Sakafu ya mbao ilibonyea kando ya choo. Akachomeka bisibisi, ikazama kama kwenye ndizi iliyoiva.

"Mwalimu, nakuhakikishia, ukiweka vigae juu ya hii, mwezi ujao utajikuta sebuleni, umekaa juu ya choo."

"Ala! Sasa tufanyeje, mwanangu?"

Tumtendee haki: kazi aliijua. Choo king'olewe, aliagiza, na bomba linalovuja lizibwe. Mbao mbovu zikatwe mpaka zifikiwe nzima. Mihimili ya chini ikaguliwe, kila kitu kikauke, mbao mpya zifungwe kwa skrubu, zipakwe rangi ya kuzuia maji, ndipo vigae. Mwalimu aliandika kila neno kwenye daftari. Kesho yake mbao mpya, nene, zilizonyooka, zikateremshwa mlangoni.

Balaa ni kwamba zilikuwa nzuri mno. Fundi alikuwa anaoa mwezi uliofuata, na mchumba wake alishasema wazi kuwa bila kitanda cha mbao hakuna harusi. Godoro la chini alililalia utotoni, likamtosha. Basi Mwalimu alipokwenda kliniki, mbao zikatoka mlango wa nyuma kwenda kuwa kitanda. Bomba likafungwa kitambaa, uozo ukafunikwa kwa plaiwudi nyembamba, na juu yake vikapangwa vigae vinavyong'aa. Ilikuwa kazi safi kabisa, kwa anayeitazama tu.

Alhamisi fundi akautoa ubao wake kwenye mkoba wa vifaa, ameushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Jionee mwenyewe, Mwalimu. Huu ndio uliokuwa humu chini."

Mwalimu akavaa miwani. Akaugeuza ubao, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu kidogo.

"Pole sana kwa kazi, mwanangu. Niachie huu, nimwoneshe shemeji. Halafu ipo desturi ya nyumba hii: bafu jipya huogewa kwanza na shemeji."

Shemeji ndiye huyo aliyekuwa mlangoni, muuza nyama ambaye hakupita mlango wowote bila kugeuka ubavu.

"Na fundi je?" aliuliza fundi, akicheka.

"Fundi hukaa sebuleni, chini ya bafu kabisa, akinywa chai. Ni heshima yake. Chai ikiisha, nampa malipo."

Kicheko kikakauka. "Nakuhakikishia, Mwalimu, gundi ya vigae inataka wiki nzima!"

"Basi wiki nzima."

Wiki hiyo fundi alirudi kila siku, eti kufuta vumbi la vigae, na kila asubuhi Mwalimu alimwachia ufunguo akaenda zake. Vigae viling'olewa, nusu vikavunjika, akanunua vingine kwa fedha yake. Chini alikuta mhimili mmoja nao umeoza. Kitanda kikafunguliwa. Mbavu zake zikawa sakafu, miguu yake ikafungwa ubavuni mwa mhimili.

"Kitanda changu kinakwenda wapi?" aliuliza mchumba.

"Kunywa chai," akajibu fundi kwa uchungu.

Siku ya mwisho alirukaruka juu ya sakafu ile na haikulia hata kidogo. Alijisikia fahari, na fahari hiyo ilimuudhi sana.

Siku ya heshima ikawadia. Shemeji akapanda na pipa la maji, huku anaimba. Fundi akakaa palepale alipoelekezwa, kikombe mkononi, macho juu. Juu, shemeji alipiga miguu kufuata wimbo. Darini hakikudondoka kitu. Jasho tu lilidondoka, nalo lilikuwa la fundi.

Chai ikaisha. Mwalimu akamlipa yote, bila kupunguza, kisha akaweka mezani kifurushi cha gazeti.

"Mwalimu," alisema fundi akijifuta uso, "desturi hii ilianza lini?"

"Alhamisi ile, ulipotoa ubao."

Akafungua gazeti. Jicho la ng'ombe likamtazama fundi.

"Mwaka juzi ulimwonesha mdogo wangu jicho hilihili, mimi nikichungulia mlangoni, ukaapa limetoka bafuni kwake. Nami nikaanza kujiuliza kule kwake chini kuna nini." Akamsukumia ubao. "Anakusubiri Jumatatu, aliyoyalipia yafanyike. Majani ya chai ameshanunua, na shemeji amesema ataoga."